Bibo Halina Dini

Jumapili, 6 Oktoba

Mchungaji Felisian kahubiri moto leo. Utakatifu! Kasema mtu wa Mungu ni mtu aliyetengwa, na si Jumapili tu akiwa na shati lililopigwa pasi. Jumanne shambani awe yuleyule. Alhamisi bombani awe yuleyule. Neno zuri sana. Nilisikitika kuona linawahusu watu wengi. Nilimgeukia Amosi mara kadhaa ili ajue kwamba ni lake.

Amosi ni fundi pikipiki, Nachingwea mjini. Anapiga gitaa kanisani kwetu Lionja. Anatabasamu hovyo. Na anamtaka Getruda.

Na mimi namtaka Getruda. Naandika wazi maana humu hasomi mtu. Nampenda. Akiongoza pambio nasahau nimesimama au nimekaa.

Baada ya ibada baba yake akatuita wote wawili nyuma ya kanisa. Mzee Ngolo huyo. Mfugaji. Alihamia hapa na ng'ombe wake mwishoni mwa mwaka jana, msimu wa korosho ukiwa umekwisha, akitokea Malolo, na kabla ya hapo Kanda ya Ziwa. Maneno yake ni ya kuhesabu. Kasema hataki kujua nani ana nyumba ya bati wala nani ana mikorosho mingi. Pombe ilimmaliza mdogo wake akiona kwa macho. Kwa hiyo binti yake hatampa mlevi, wala hatampa mtakatifu wa Jumapili. Wiki hii atatutazama. Jumapili ijayo, baada ya Meza ya Bwana, atatoa neno.

Amosi akasema amina kwa sauti ndogo. Mimi nikatoa amina iliyowainua ng'ombe vichwa.

Nimeshashinda. Amosi hana hata mpango!

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimejitenga rasmi. Nimezungushia nyumba yangu kamba ya katani, usawa wa magoti. Nimetundika na kibao cha boksi: HAPA ANAKAA ALIYETENGWA. Herufi kubwa, zisomeke mpaka njia ya ng'ombe.

Jioni akaja Bibi Zaina, jirani yangu. Mama wa swala tano. Tangu mama yangu afariki huniletea sahani kila jioni, hajawahi kukosa. Leo ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Nikamweleza, mimi ndani ya kamba yeye nje, kwamba kuanzia sasa sichangamani. Akauliza nimegombana na nani. Nikamwambia na ulimwengu. Akaitazama kamba, akaitazama sahani, akasema basi nijue, mimi mjukuu wake, kwamba huo ulimwengu ndio uliotwanga kisamvu. Akaondoka nacho.

Harufu ikabaki. Nimelala njaa. Utakatifu umeanza vizuri mno.

Jumanne, 8 Oktoba

Leo mpango wa maombi. Ng'ombe wa Mzee Ngolo hupita kando ya shamba langu alfajiri kwenda mtoni. Nikawahi. Nikapiga magoti kandokando ya njia, jirani na lile lundo la mabibo nililoliacha wiki iliyopita baada ya kunyofoa korosho. Mikono juu. Macho nimefumba. Mwombaji wa kweli hafumbui macho, hata kitokee nini.

Nikasikia kwato. Nikapandisha sauti! Nikamtaja Mzee Ngolo kwa jina. Nikawaombea ng'ombe afya, nikaombea maziwa, nikaombea Amosi asamehewe yale anayoyajua mwenyewe. Kitu kikanipumulia shingoni. Sikufumbua. Kikanilamba sikio. Nikasema haleluya. Kofia ikaondoka kichwani. Nikazidisha.

Nilipofika amina nikafumbua. Si Mzee Ngolo! Ni Bundala, mwanawe mkubwa, ana visikilizio masikioni, anafuatilia uchambuzi wa mechi ya Namungo. Hajasikia hata herufi. Ng'ombe mmoja anatafuna kofia yangu. Na fahali wao mkubwa kamaliza lundo lote la mabibo.

Mchana kelele. Fahali kaugua! Nikaenda mbio. Yule mnyama anakwenda upandeupande. Akaanguka kukingama njia, pikipiki zikashindwa kupita. Bundala anammwagia maji. Mzee Ngolo kachanganyikiwa, anataka kumwita bwana mifugo. Mara nyoka, mara majani mabaya.

Mimi nilijua palepale. Mtoto yeyote wa hapa angejua. Bibo likikaa siku chache linageuka uraka, na uraka ni pombe kamili. Lakini kwao hakuna mikorosho, wametoka mbali. Nikaona nikisema ni mabibo, nitaulizwa lundo la nani. Basi nikamwambia Mzee Ngolo kwamba mambo mengine ni ya rohoni. Nikamwekea fahali mkono. Nikakemea.

Jioni fahali akasimama! Mzee Ngolo akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akanishukuru. Mwenyewe! Amosi yuko wapi? Yuko mjini anakaza nati.

Jumatano, 9 Oktoba

Nafunga. Nimemtangazia kila niliyekutana naye, wakiwemo wasiouliza. Shida moja: mwili wangu ni mnene, ukifunga hauonyeshi. Uso unang'aa tu kama nimetoka harusini. Nikapata akili. Nikapaka unga wa muhogo midomoni, ionekane imekauka kwa njaa.

Nikamkuta Getruda bombani. Nikasimama kwa unyonge. Nikahema. Akanitazama mdomo, akauliza kaka Silvanus amekula unga mbichi na nani. Wenye ndoo wote wakaangua kicheko. Lo!

Lakini akanisindikiza mpaka njiapanda. Akaniambia polepole kwamba yeye anamkumbuka yule Silvanus wa mwaka jana, aliyeingia kwenye shimo la matope mpaka kifuani kumtoa ndama wao, akatoka anacheka, akaenda zake bila hata kuaga. Kasema yule alimpendeza.

Nikamtoa wasiwasi. Nikamwambia hayo ni ya zamani, wakati ule nilikuwa bado sijatengwa.

Akageuka akaenda zake. Nadhani aliguswa.

Alhamisi, 10 Oktoba

Ibada ya jioni. Mchungaji kaja na uso mrefu. Ile juisi ya zabibu ya Meza ya Bwana haijapatikana mjini, na Jumapili ndiyo hiyo. Amosi akaanza kusema atazunguka na pikipiki mpaka Ruangwa kuulizia.

Nikasimama kabla hajamaliza! Nikasema kwa nini tuhangaike na zabibu za watu wakati Mungu kaijaza Lionja nzima mabibo? Nitakamua mimi. Juisi safi, kutoka shamba la mtu aliyetengwa. Wazee wakaanza kuguna. Mchungaji akafikiri sana, akakubali kwa sharti moja: nikamue Jumapili yenyewe alfajiri, iletwe mbichi. Sababu tunaijua sote, akasema, hana haja ya kuitaja.

Nikasema amina. Nikaongeza na hoja: kanisa zima lifunge tangu Jumamosi asubuhi mpaka Meza, tuipokee kwa matumbo matupu. Ikapita. Mzee Ngolo akatikisa kichwa kwa kuridhika, nilimwona.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimekamua leo.

Nina sababu. Jumapili alfajiri nataka Mzee Ngolo akiingia kanisani anikute wa kwanza, nimepiga magoti, kanzu nyeupe. Mtu hawezi kupiga magoti kanisani na kutwanga mabibo nyumbani kwa wakati mmoja. Na kuhusu kuchacha, Biblia imejibu. Wana wa Israeli wakilaza mana hivihivi, inaingia funza. Wakiilaza kwa ajili ya Sabato, inakaa salama. Kwa nini? Imetengwa! Sasa bibo nalo likitengwa kwa Bwana litathubutu vipi kuwa uraka?

Nikatwanga, nikakamua, nikajaza dumu mpaka shingoni. Nikaliwekea mkono, nikaliamuru litulie.

Bibi Zaina alikuwa upande wa pili wa kamba anaanika korosho zake kwenye turubai. Akauliza uraka huo ni wa msiba gani. Nikamfafanulia habari ya mana, kwa kirefu. Akasikiliza mpaka mwisho, maana ana adabu. Kisha akasema mjukuu wangu, bibo halina dini.

Nikamhurumia. Nikamwambia kuanzia hapo nimeingia mchana wa ukimya, sitasema na mtu.

Ndipo mvua ikaja. Oktoba hii! Wingu limetokea kusikojulikana, matone makubwa. Na korosho za Bibi Zaina zote ziko nje, jasho la msimu mzima. Zikilowa zimeharibika. Akapiga kelele. Amosi alikuwa anapita, akaiangusha pikipiki njiani bila hata kuizima. Getruda akatokea mbio kutoka bombani. Baba yake naye! Mzee mzima anashika mdomo wa gunia huku Amosi anazoa kwa mikono, na nyingine kazifungia kwenye shati.

Mimi nimetengwa, na niko kwenye ukimya. Nikasimama kwenye kamba nikainua mikono nikaikemea mvua, kimoyomoyo. Na ikakata! Korosho zikapona. Hakuna aliyenishukuru.

Baadaye Bibi Zaina akawapakulia wote. Wali na kunde. Wakakaa kwenye turubai wameloa, wanacheka, Mzee Ngolo kaweka sahani mapajani kama mwenyeji. Getruda akatazama upande wangu mara moja. Nilitamani kuruka. Kamba yenyewe fupi, inaishia magotini. Lakini nimeifunga mwenyewe, nikiiruka watu watasemaje?

Jumamosi, 12 Oktoba

Mafua. Mvua ya jana imeniingia kichwani, sisikii harufu ya chochote.

Dumu limevimba. Lilikuwa na pembe nne, sasa ni mviringo. Nikilisogelea linanong'ona. Nimelitazama kwa kicho. Kuna nguvu mle ndani.

Nimefungua kidogo nitie sukari, maana Mzee Ngolo anapenda vitamu. Kifuniko kikaruka, kikampiga jogoo wa Bibi Zaina. Povu likapanda mpaka dari. Roho anatembea! Sikuonja, maana nimefunga, na lililowekwa wakfu halionjwi. Nikakigongea kifuniko kwa jiwe.

Kesho ni kesho.

Jumapili, 13 Oktoba

Naandika haraka. Kwa furaha.

Nilikuwa wa kwanza kanisani. Magoti, kanzu, kila kitu. Mzee Ngolo akaingia, akaniona. Safi.

Ikafika Meza. Vikombe vile vidogo vikapita. Mchungaji akanywa, akatulia na macho yamefumba kwa muda mrefu kuliko kawaida. Mzee Eusebio, mzaliwa wa hapahapa, akaonja, akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari. Mama Domitila wa kwaya akalamba kikombe mpaka chini. Kila mtu alikuwa anamtazama mwenzake. Lakini hakuna aliyesema neno, maana ni Meza ya Bwana, na nani atakuwa wa kwanza kusema kwamba anaijua ladha ile?

Ibada ikaisha. Mchungaji akawa analifuata lile dumu kwa haraka sana, sijui kwa nini. Nikamwahi. Nikammiminia Mzee Ngolo kwenye kikombe kikubwa cha bati, maana mzee amefunga tangu jana na jua ni kali. Akanywa. Akafuta masharubu. Akasema juisi ya namna hii hajapata kuinywa, na kwa nini watu wa huku hatujivuni. Nikamwongeza. Akaomba tena. Nikamwongeza!

Akasimama kutoa neno. Akaanza kwa kuimba. Kisha akaanza kucheza ngoma ya kwao, mguu huu, mguu ule, mzee asiyecheka hata harusini! Akayaswaga mabenchi kwa fimbo, anayapigia mluzi, anayaita kwa majina ya ng'ombe wake. Bundala kasimama mdomo wazi. Kwaya wanajificha nyuma ya vitabu vya nyimbo.

Halafu akanishika mkono, akauinua juu. Akatangaza mbele ya kanisa lote: mkwe wangu ndiye huyu! Mtu mtakatifu! Aliyemwombea fahali wangu akainuka!

Getruda akaja mpaka mbele. Hakunifokea. Akaniuliza mbele ya watu wote, kaka Silvanus, baba amekunywa nini?

Wote wakanitazama. Amosi akaangalia chini. Nilihisi kanzu inabana. Nikajibu: matunda ya shamba.

Si uongo! Ni matunda, na yametoka shamba. Getruda akasubiri kidogo, nadhani alitegemea niendelee. Sikuendelea. Akajifunga kanga vizuri, akamshika baba yake mkono mmoja. Amosi akamshika mwingine. Wakampeleka nyumbani polepole, anaimba.

Neno limetoka lakini! Limetoka hadharani! Getruda ni wangu.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mzee Ngolo kaja asubuhi, kitambaa kichwani, Getruda na Bundala nyuma yake. Hakuanzia kwangu. Alikwenda kwa Bibi Zaina kuuliza ugonjwa gani huu unaomgonga utosi. Na Bibi Zaina hasemi uongo. Akamweleza habari ya mabibo, tangu yanapoanguka mpaka yanapokuwa uraka. Nilisikia yote, niko hapa kwenye kamba.

Akaja akasimama mbele ya kibao changu. Akakisoma. Hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Akasema leo ndiyo amemwelewa fahali wake.

Akasema kunywa kwake anaweza kusamehe, kapatikana na tunda asilolijua. Lakini mimi nilijua. Nilijua Jumanne nikamwambia ni mambo ya rohoni. Nilijua Jumapili binti yake aliponiuliza. Kasema wiki nzima alikuwa anamtafuta mtu aliyetengwa, na alimwona Ijumaa, ana korosho za bibi wa watu ndani ya shati. Neno lake la jana ni la uraka, analirudisha.

Nikasema nilikuwa nimeomba dumu litulie. Bundala akageukia pembeni.

Wakaondoka. Getruda akabaki nyuma kidogo. Kasema tangu kabla ya wiki hii alishamwambia baba yake kwamba angeachiwa achague, angemchagua mtu wa ndama. Ndiyo maana mzee akataka kutazama kwanza. Kasema wiki nzima kila akipita alichungulia juu ya hii kamba akimtafuta yule mtu. Hakumwona. Akaniaga vizuri, Bwana asifiwe, akaenda.

Nililia. Naandika wazi, nililia kama mtoto, kanzu ikawa ya kufutia uso. Jioni Bibi Zaina akaleta sahani. Akaiweka chini upande wake wa kamba, akaisukuma kwa mkono mpaka upande wangu. Nikala.

Jumapili, 20 Oktoba

Mchungaji katangaza uchumba wa Amosi na Getruda. Harusi mwezi ujao. Amosi katabasamu hovyo. Getruda naye katabasamu, na hilo ndilo lililoniuma. Nikapiga makofi kuliko wote. Mikono inawaka mpaka sasa.

Nimekaa nimetafakari kwa unyenyekevu. Nimeyaona makosa yangu yote, na nimeyarekebisha leoleo. Kwanza, kamba ilikuwa chini mno. Nimeipandisha mpaka kifuani. Sahani ya Bibi Zaina sasa inapita kwa chini bila shida. Pili, sukari. Sukari ndiyo iliyoharibu, ni kitu cha dukani, cha ulimwengu, haikutengwa. Na tatu, ambalo ndilo kubwa: haraka. Nililiombea lile dumu siku mbili tu! Maombi gani ya siku mbili?

Sina kinyongo. Mtu mtakatifu hana kinyongo. Nimeamua juisi ya harusi yao nitaitoa mimi, madumu mengi, ya kutosha ukoo wote wa Mzee Ngolo. Hawajaniomba. Itakuwa zawadi ya kushtukiza. Na safari hii sitarudia kosa: nitakamua wiki nzima kabla, ili maombi yapate muda wa kuingia.